Tone Limeshapita

Jaliah alirudi kutoka sokoni akakuta dirisha la chumba cha kulala limezibwa kwa blanketi tena. Ilikuwa adhuhuri, jua la Nalufenya, mtaa wa Jinja, linawaka hata mabati yanalia, na mume wake amejifungia gizani. Alitua kapu la nyanya zilizobaki, akaenda kubisha mlango.

"Baba Twaibah?"

"Usifungue!"

"Nataka kubadilisha nguo."

"Ngoja kidogo. Utaingiza mwanga."

Akasikia tone la maji likianguka, ti! Kisha mwanga mweupe ukachomoza chini ya mlango, ukamulika vidole vya miguu yake, ukazimika. Halafu Bruhan, mume wake, akanong'ona neno la Kigisu, lugha ya kwao, linalomtoka kila anapojigonga.

Alipofunguliwa, Jaliah alisimama kizingitini asijue aanzie wapi. Juu ya stuli palikuwa na beseni lililojaa maji pomoni. Kwenye ndoano ya chandarua uling'inia mpira wa dripu, ule wanaotundikiwa wagonjwa hospitalini, na chupa ya plastiki iliyokatwa kitako. Leso yake nyekundu, ile aliyofungiwa na shangazi zake siku ya harusi, ilikuwa imetandazwa ukutani nyuma ya beseni. Kamera ilisimama kwenye miguu yake mitatu, na flashi imefungwa pembeni kwenye mgongo wa kiti.

"Haya maji mbona meupe?" aliuliza.

"Nimetia maziwa kidogo."

"Maziwa gani?"

Katika nyumba ile palikuwa na maziwa ya namna moja tu, nayo yalikuwa ya Twaibah, binti yao, aliyekuwa bado shuleni.

"Maji matupu hayasimami vizuri," Bruhan alisema. "Yakichanganywa na maziwa tone linajishika."

"Baba Twaibah, unafanya nini hasa?"

"Napima kamera. Inaumwa."

"Kamera inapimwa kwa maziwa ya mtoto?"

"Mama Twaibah, hii ni kazi. Huwezi kuelewa."

Hilo lilikuwa kweli, hakuelewa. Bruhan alikuwa mpiga picha wa harusi, na watu wa Jinja na Mbale walimjua kwa kazi hiyo. Kulikuwa na kina mama waliosogeza mbele siku ya harusi ya binti zao ili wampate yeye. Lakini tangu arudi kutoka harusi moja Mbale, ambako inasemekana pete ilivishwa, watu wakapiga vigelegele, na picha ya pete haikupatikana, hakwenda tena kazini. Aliyempigia simu aliambiwa kamera inaumwa. Na huyo mwenye kamera mgonjwa alikuwa akishinda chumbani akipiga picha maji.

*

Alasiri Bruhan alikwenda msikitini. Jaliah alisimama mbele ya kamera kwa muda, akajifuta mikono kwenye gauni, akaiwasha.

Alikuwa amejiandaa. Sokoni wanawake walikuwa wamemwambia mengi, kwamba mwanamume akianza kufunga milango mchana ana mtu, na kwamba wapiga picha ndio wabaya zaidi kwa sababu wanawatazama wanawake kwa kazi. Alikuwa amekwisha panga hata maneno atakayosema akimkuta huyo mtu humo ndani, awe msichana wa harusini au mjane wa mjini.

Akakuta maji. Picha ya kwanza ilikuwa maji na duara zinazotanuka. Ya pili maji na duara. Akabonyeza, akabonyeza, hata kidole kikamuuma. Ilikuwa duara juu ya duara, katikati hamna kitu. Hapakuwa hata na tone. Alitafuta tone katika picha zote asilione. Mtu mzima mwenye akili zake, mume wake, alikuwa amepiga mamia ya picha za mahali ambapo tone lilikuwapo likaondoka.

Aliketi kitandani. Angemkuta mwanamke angejua la kufanya. Angelia, angefunga mizigo, angemwita kaka yake. Kwa hili angemwita nani, na akija amwambie nini? Mume wangu anapiga picha maji yasiyo na kitu? Alizima kamera, akairudisha ilivyokuwa, akaenda kupika. Usiku Bruhan alipomuuliza kwa nini chakula hakina chumvi, alisema ameisahau, na kweli alikuwa ameisahau.

*

Mambo yaliharibika Jumatano. Nakato, jirani wa mlango wa pili, alikuwa na mtoto mdogo aliyeshikwa na degedege asubuhi hiyo. Mchana alipokuwa uani akimpepea, mwanga ukapiga kutoka dirishani kwa kina Jaliah, kona ambayo blanketi lilikuwa limeachia. Mtoto akashtuka, akakaza mwili. Nakato akapiga yowe lililowatoa watu wote majumbani.

"Ni hii mwanga! Hii mwanga ya Bruhan imeingia kwa kichwa ya mtoto yangu! Kila siku radi ndani ya nyumba, na mvua hakuna! Hii iko kazi gani?"

Muda si muda mwenyekiti wa mtaa akafika. Aliitwa Ojwang, askari mstaafu, mtu mrefu ambaye Kiswahili chake alikipata kambini na hakujua kukisema bila kuamrisha.

"Wapi mwenye nyumba?"

"Nipo, afande," Bruhan alisema akitoka. Shati lake lilikuwa limefungwa vifungo vya juu tu.

"Hapa ndani iko nini?"

"Maji, afande. Napiga picha matone ya maji."

Watu wakatazamana. Mtu mmoja nyuma akacheka.

"Matone," Ojwang alirudia. "Mimi nimeishi miaka mingi. Nimeona watu wanapiga picha ya bibi harusi, ya ng'ombe, ya maiti. Picha ya tone sijaona. Mama, wewe ndiye bibi yake? Eleza."

Macho yote yakamgeukia Jaliah. Alifungua kinywa. Alitamani kusema jambo lolote lenye maana, jambo la mke anayejua kinachofanyika chini ya paa lake.

"Anapima kamera," alisema.

"Anapima aje?"

"Sijui, afande."

Kicheko kikarudi, safari hii cha watu wengi. Jaliah aliinamisha kichwa. Alimwona Nakato akimnong'oneza mwenzake, na katika mnong'ono huo akasikia neno "mzungu wa akili", yaani mwenda wazimu, akajua kuanzia siku hiyo hilo ndilo jina la nyumba yake.

"Nakato, huyu mtoto anachemka," Ojwang alisema baada ya kumgusa mtoto shingoni. "Hii ni malaria. Mpe mama yako akimbie naye kiliniki, sasa hivi. Na wewe bwana, onyesha hiyo matone. Watu wote waone, wanyamaze."

Bruhan akahamishia vyombo vyake sebuleni, mapazia yakafungwa, watu wakajazana ukutani hadi mlangoni. Hapo, mbele ya hadhira, alibadilika kidogo, akawa yule Bruhan wa harusini.

"Tone likiingia majini," alieleza, "maji yanaruka juu, yanasimama kama kijiti. Tone la pili likikuta kijiti hicho kimesimama, linakigonga kichwani, linafunguka kama mwavuli. Ni kitu kinachopita haraka, jicho halikioni. Kamera inakiona. Ukiwahi."

"Onyesha," Ojwang alisema.

Tone. Mwanga. Wakainama wote kutazama kioo cha kamera. Duara.

"Mwavuli iko wapi?"

"Ngoja, afande."

Tone. Mwanga. Duara. Akarudia. Duara. Vicheko vikaanza upya, kwanza vya chini, halafu vya wazi. Jasho lilimtoka Bruhan kwenye paji la uso.

"Kamera inaumwa, afande. Ndiyo hivyo nawaambia."

Jaliah alikuwa amesimama karibu naye kuliko wote, bega kwa bega, na hakuwa akitazama beseni kama wengine. Alikuwa akitazama mkono wa mume wake. Tone likaanguka, ti. Kidole kikabaki juu ya kitufe, kimesimama kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata. Duara zikatanuka hadi ukingoni mwa beseni. Ndipo kidole kikashuka, na mwanga ukapiga.

Hakuelewa alichokiona, au alielewa na kichwa kikakataa. Alichojua ni kwamba watu wanamcheka mume wake ndani ya sebule yake, na kwamba angefanya chochote wanyamaze.

"Amechoka, afande. Amekuwa akifanya tangu asubuhi. Niache mimi."

Bruhan alimtazama. "Mama Twaibah, acha."

Lakini alikuwa amekwisha shika. Mara ya kwanza hakupata kitu ila ukingo wa beseni. Mara ya pili kijiti cha maji, kifupi, kimepinda. Alivuta pumzi. Tone likaning'inia kwenye mdomo wa mpira, likanenepa, likaachia, na yeye akabonyeza kabla hajafikiri.

"Eeh!"

Kwenye kioo kidogo cha kamera palisimama kijiti cheupe cha maji, na juu yake mwavuli umefunguka, mwembamba kama ganda la kitunguu, na wekundu wa leso ya harusi umejaa ndani yake wote. Watu walisukumana waone. Nakato, aliyekuwa amemkabidhi mama yake mtoto na kubaki mlangoni, alipiga makofi akasahau alichokuja kushtaki. "Bambi, jamani! Maji inazaa uyoga!"

"Kwisha," Ojwang alisema, akavaa kofia. "Hakuna mchawi hapa. Wewe Nakato, fuata mtoto. Wengine, tawanyika. Na hilo dirisha lizibwe vizuri."

Jaliah aligeuka, furaha imempanda hadi kooni. "Umeona, Baba Twaibah? Umeona? Kamera haiumwi!"

Alipokwisha kusema ndipo akauona uso wake. Bruhan alikuwa akitazama ile picha kama mtu anayesomewa hukumu. Alifungua flashi kwenye kiti, polepole, kwa mkono wa kushoto.

"Ndiyo," alisema. "Haiumwi."

*

Asubuhi iliyofuata hakuwapo, wala kamera haikuwapo. Simu yake ilikuwa imezimwa. Jaliah alimpeleka Twaibah shuleni, akarudi, akakaa kwenye stuli ile ile ya beseni, na mambo yakaanza kumjia bila kuitwa: chai aliyoimwaga Bruhan kwenye kanzu siku ya Idi akasema kikombe ni cha moto, vifungo vya shati, jinsi alivyoacha kumsuka Twaibah nywele, yeye baba pekee mtaani aliyejua kusuka. Kila moja lilikuwa na sababu yake wakati ule. Sasa sababu zote zilikuwa zimeondoka, yamebaki mambo yenyewe.

Jioni alipigiwa simu na Namono, dada yake Bruhan, anayekaa Nabuyonga huko Mbale.

"Wifi, mume wako yuko kwangu. Amelala anatazama dari. Mmegombana?"

"Hatujagombana."

"Basi kumetokea nini?"

"Nimepiga picha nzuri," Jaliah alisema, na aliposikia maneno yake mwenyewe akaanza kulia.

"Sielewi," Namono alisema.

"Hata mimi sielewi, wifi. Nakuja."

Usiku huo alimwacha Twaibah kwa mama yake mzazi, na alfajiri ya Ijumaa akasafiri. Alipofika alimkuta Bruhan ameketi uani kwa Namono, mgongo umeelekea nyumba, uso umeelekea mlima wa Wanale, ambako maporomoko yalionekana kwa mbali kama uzi mweupe juu ya mwamba. Aliketi kando yake. Namono aliwaletea chai, akawatazama mmoja mmoja, akaingia ndani.

"Jana nilikwenda kwa daktari," Bruhan alisema bila kugeuka. "Aliniambia nigonganishe vidole, hivi, upesi upesi. Mkono wa kushoto ukaenda. Wa kulia ukaniangalia tu."

"Akasemaje?"

"Mishipa ya fahamu. Akili inatuma, mkono unachelewa kupokea, wakati mwingine unatetemeka. Kuna dawa. Dawa inapunguza, haiponyi. Ugonjwa utakwenda ukiongezeka, ila polepole." Alikunywa chai kwa mkono wa kushoto. "Aliniuliza nimeona dalili tangu lini. Nikamwambia nilidhani kamera."

"Ulidhani kweli?"

Alitua kikombe chini. "Nilitaka iwe kamera. Pale Mbale nilipoikosa ile pete, baba wa bwana harusi alinishika ukosi mbele ya wageni. Nikajiambia, kamera. Nikaja nyumbani, nikatafuta kitu kinachopita haraka kuliko pete, nikajiambia, nikilipata tone hata mara moja, basi mimi ni mzima. Kila siku nikawa napata duara. Nikasema, kamera tu hii. Hadi ulipobonyeza wewe."

"Basi mimi ndiye niliyekuharibia."

"Hukuharibu. Ulibonyeza tu."

Jaliah hakujua kama amesamehewa au amelaumiwa. Alitazama ule uzi wa maji mlimani. Alitaka kumshika mkono, lakini hakujua aushike upi.

"Na kamera umeileta ya nini?"

"Jumapili ni harusi ya binti wa Hajji Mafabi, hapa hapa. Nilikubali kazi kabla ya haya yote. Nimekuja kumwambia atafute mtu mwingine. Nimefika getini kwake mara mbili, nikarudi."

"Usimwambie. Nitabonyeza mimi."

Bruhan aligeuka kwa mara ya kwanza. "Nini?"

"Nimesema nitabonyeza mimi. Wewe utaniambia wapi."

"Kwa hiyo miaka yote hii ulidhani ninabonyeza tu?" Sauti ilimpanda. "Umepata tone moja kwa bahati, mbele ya Nakato, sasa wewe ni mpiga picha? Unajua bibi harusi atainua uso saa ngapi? Unajua mama yake atalia wapi? Nyanya ndizo unazozijua!"

"Ndiyo, nazijua," Jaliah alisema, na sauti yake ilikuwa ya chini kuliko alivyotarajia. "Nyanya ndizo tunazokula tangu uanze kupiga picha beseni."

Namono alichungulia dirishani. Bruhan alisimama, akatoka nje ya geti, akapotelea mtaani. Jaliah alibaki na vikombe viwili. Alijuta alichosema, kisha akakasirika kwamba anajuta, kisha hakujua tena ni kipi kati ya hivyo viwili.

*

Siku hiyo hiyo, baada ya swala ya Ijumaa, Bruhan alirudi na mpira mpya wa dripu mfukoni. Hakuomba radhi wala hakutaka kuombwa.

"Dada, nipe beseni," alimwambia Namono. Na kwa mke wake: "Njoo. Shika hapa. Siyo hivyo, utapata maumivu ya kifundo cha mkono. Hivi."

Walifunga mapazia. Alimfundisha kulaza msumari juu ya beseni, pale pale tone linapoangukia, ili kamera ijue pa kutazama, kisha auondoe. Alimfundisha kusikiliza. Jaliah alibonyeza akapata duara, akapata duara tena.

"Unangoja uone," Bruhan alisema. "Usingoje. Ukiona, limeshapita. Na watu ni hivyo hivyo. Mama wa bibi harusi, kabla hajalia, mdomo wake unafungwa. Hapo ndipo. Machozi yakishatoka umechelewa."

"Nitajuaje kwamba atalia? Huenda akacheka tu."

"Hutajua. Unabonyeza hujui."

Hilo nalo hakulielewa, lakini alilishika. Jioni alikuwa amepata miavuli kadhaa, mingine imepasuka. Bruhan alizipitia picha zote kwenye kioo. Alizifuta nyingi. Alisema hii mbaya, hii mbaya, hii imelala. Moja hakuifuta, akampa kamera na kwenda kutawadha. Jaliah alingoja asifiwe hadi chakula cha usiku. Hakusifiwa.

*

Jumapili nyumba ya Hajji Mafabi ilikuwa imejaa watu hadi barabarani. Wageni wa Jinja walikuwa wamefika, sufuria za pilau zinafuka uani, vijana wanafunga turubai. Hajji mwenyewe alisimama mlangoni amevaa kanzu na koti, akipokea watu. Aliwaona Bruhan na Jaliah wakija. Kamera ilikuwa shingoni kwa Jaliah, na mkanda wake ulimkaba kama mkono wa mtu.

"Bwana Bruhan, asalaam aleikum. Nimesikia maneno huku mjini," Hajji alisema, na hakupunguza sauti. "Sikutaka kuyaamini. Na huyu?"

Watu waliokuwa karibu walisogea ili wasikie. Walikuwa wamekubaliana atakachosema Bruhan: kwamba mke wake amekuja kumsaidia upande wa wanawake, basi. Alimngoja aseme hivyo.

"Waaleikum salaam, Hajji," Bruhan alisema. "Mpiga picha ni huyu. Anaitwa Jaliah. Mimi nimekuja kumshikia taa."

Hajji alimtazama Bruhan, akamtazama Jaliah, akamtazama Bruhan tena. Jaliah naye alimtazama mume wake, akataka kusema siyo, Hajji, anatania, mwenye kazi ni yeye. Hakujua kama amepewa kitu au ameachiwa mzigo. Na kabla Hajji hajaamua la kusema, vigelegele vikalipuka ndani, mlango wa chumba ukafunguliwa, na shangazi mtu akapaza sauti, "Anatoka! Bibi harusi anatoka! Mwenye picha yuko wapi?"

"Haya, ingieni, ingieni," Hajji alisema akijibana ukutani.

Bibi harusi alikuja ukumbini ameinamisha uso chini ya shela, mashangazi wamemshika huku na huku. Bruhan alijisogeza kando, akainua flashi juu ya kichwa kwa mikono yote miwili. Jaliah aliona ule mkono wa kulia ukitetemeka hewani, wazi, mbele ya watu wote, na taa ikitetemeka nao. Aliona mama wa bibi harusi akisimama. Aliona mdomo wake ukifungwa. Akabonyeza.

Mwanga ukapiga. Alitazama kioo haraka. Mwanga ule ulikuwa mfupi mno, mtetemeko haukupata nafasi ya kuingia ndani yake. Mama alikuwa pale, binti alikuwa pale, na machozi yalikuwa bado hayajatoka.

"Imetoka?" Bruhan aliuliza kutoka pembeni.

"Imetoka." Macho yalikuwa yamemjaa machozi, ukumbi wote unaogelea mbele yake. Aligeuka kumtazama, jinsi alivyosimama na mikono juu, jasho likimtiririka hadi kwenye ukosi wa kanzu.

"Usinitazame mimi," Bruhan alisema. "Mtazame bibi harusi. Anainua uso sasa hivi."